Sista na Wingu la Hospitali

Sista alikuwa na desturi ya kusimama nyuma ya kiti chako na kuweka kidole juu ya kitufe cha kuingiza amri kabla hujakibonyeza. Hakukuzuia kwa nguvu. Alikigusa tu, kisha akauliza, "Nani anakatika?" Ulitakiwa ujibu kwa sauti, wodi kwa wodi: nikibadilisha njia hii ya mtandao maabara itakatika kidogo, dirisha la dawa halitaguswa, wodi ya wazazi haitaguswa. Siku yangu ya kwanza nilijibu, "Hakuna, Sista." Akakivuta kiti nyuma nikiwa nimekikalia, na mimi si mtu mwembamba.

"Anayesema hakuna hajafikiri," akasema. "Anza tena."

Alikuwa mtawa, na alikuwa mkuu wa chumba cha seva katika hospitali ya misheni iliyoko mlimani, juu ya mji wa Moshi. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi. Kila asubuhi nilipanda kutoka mtaa wa Soweto, mjini, kama mtu anayekwenda kufanya mtihani, na kila jioni nilishuka nikiwa nimechoka kwa kusubiri kitu kiharibike. Hali hiyo aliitengeneza yeye. Aliamini kwamba fundi aliyestarehe ni fundi aliyesahau jambo.

Katika miaka ile ya mwisho alikuwa na sababu nyingine ya kutostarehe. Hospitali ilikuwa imepewa seva mpya na marafiki wa misheni, nzito, zenye nguvu, na Sista alitaka kuhamishia humo huduma zote: mafaili ya wagonjwa, maabara, dawa, picha za mionzi. Wakati huohuo kampuni moja kutoka Dar es Salaam iliiambia bodi kwamba haina haja ya kuhangaika na vyuma, itabeba kila kitu kwenye mitambo yake hukohuko, huduma wanayoiita wingu, hospitali itumie tu. Bodi ikagawanyika. Mwishowe ikampa Sista nafasi moja. Siku moja ya kazi, asubuhi mpaka jioni, huduma zote zipite kwenye mtandao wake mpya bila wodi hata moja kukatika. Akifaulu, chumba kinabaki mikononi mwake. Akishindwa, mkataba wa kampuni unasainiwa, chumba kinafungwa, na mimi namwaga unga.

Alilisikia hilo la bodi kwa macho makavu. Akarudi chumbani, akavaa sweta lake, maana mle ndani kulikuwa na baridi mwaka mzima kwa ajili ya mitambo, akaanza kukata kebo za mtandao mpya.

Hakuwa mtu wa kupendeka mara moja. Miwani yake aliifunga kwa kamba ya kiatu. Mfukoni mwa sketi alikuwa na rozari na koleo la kubania vichwa vya kebo, na alipotia mkono kutafuta kimoja alitoa kwanza kingine, akakinung'unikia. Ukimsalimu "Tumsifu Yesu Kristo" alijibu "Milele amina", na kabla hujavuta pumzi akakuuliza, "Umepima?" Sifa yake kubwa kuliko zote ilikuwa neno moja, "Haijaharibika." Nilimsikia akilisema mara chache sana, na mara zile nilikwenda nyumbani nikamweleza mke wangu.

Watu walidhani ni mkali kwa sababu ya mashine. Si kweli. Kila fundi mpya, kabla hajapewa hata bisibisi, alipelekwa kukaa kwenye dirisha la dawa asubuhi nzima bila kufanya lolote. Awaangalie wanaosubiri. Mimi nilikaa pale, nikamwona bibi mmoja kutoka juu Kibosho akiwa amesimama na kikapu mgongoni kwa sababu hakutaka kupoteza nafasi yake, huku kompyuta ya dirishani ikizungusha duara lake. Niliporudi Sista aliniuliza nimejifunza nini. Nikaanza kumweleza habari za kasi ya mtandao. Akanirudisha dirishani kesho yake.

Alitoka mkoa mwingine, lakini mifongo ya Wachagga, ile mifereji inayopeleka maji kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, aliipenda kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Kuna wakati nilishindwa kabisa kuelewa mtandao wa mashine pepe. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili wake. Seva moja ya chuma inabeba nyingi ndani yake, na Sista aliziita wapangaji. Nilichoshindwa kuelewa ni jinsi wapangaji wote wanavyotoka nje kwa kebo moja bila kukanyagana. Sista hakuchora kitu. Alivaa buti za mpira, akanipandisha mpaka kwenye banio, pale mfereji unapoukata mto.

"Maji ni ya mto mmoja, Baba Neema," akasema, akinionyesha kwa fimbo. "Lakini zamu ya huyu si zamu ya yule. Na wewe ndani ya kebo yako una mfongo wa maabara, mfongo wa dawa, na mfongo wa wageni wanaotaka kuangalia video. Mpangaji wa dawa ukimfungulia mfongo wa wageni, nitajua, na utajua kwamba nimejua."

Nilielewa. Nililowa miguu pia, maana mimi buti sikuwa nazo, na hilo hakulijali.

Mtu huyu aliyeapa utii alikuwa mbishi kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Mganga Mkuu wa hospitali, mzee mpole aliyependa amani, aliwahi kumjia akiomba simu yake iunganishwe kwenye mtandao wa maabara kwa sababu ule wa wageni ulikuwa unasuasua. Sista akakataa. Mzee akatania, "Sista, si umeapa utii wewe?"

"Nimeapa, Daktari. Kwa mama mkuu wa shirika. Simu yako haimo kwenye kiapo."

Mzee akacheka, akaondoka na mtandao wake unaosuasua. Sista hakucheka. Kushindwa hakukuwamo katika damu yake. Masista wenzake walinong'ona kwamba kwenye karata za Jumapili walikuwa wakimwachia ashinde, maana akifungwa alinyamaza mpaka Jumanne. Mimi nilicheza naye drafti mara moja tu, nikamla kete mbili kwa mpigo, na wiki ile nilipewa kazi ya kufuta vumbi nyuma ya makabati.

Na bado, mbele ya kengele alikuwa kama mtoto. Kengele ya sala ya mchana ikilia kanisani, Sista aliacha alichokuwa akifanya palepale. Ndivyo walivyolelewa katika shirika lao. Walipokuwa wanafunzi wa utawa walifundishwa kuacha hata herufi ikiwa nusu. Nimewahi kumwona akikata simu fundi wa mbali akiwa katikati ya neno. Nimewahi kumwona akiacha kebo imebanwa upande mmoja, ikining'inia. Nilimtania siku moja, nikamuuliza kama Mungu hawezi kumsubiri nusu dakika.

"Mungu anaweza," akajibu akiwa mlangoni tayari. "Mimi ndiye siwezi. Nikipewa nusu dakika nitachukua saa nzima."

Wiki za kuelekea siku ya jaribio alikonda. Tulijenga wapangaji mmoja mmoja. Namna yetu ya kuwajenga ilikuwa kumtengeneza mmoja vizuri, kisha kumnakili na kumbadilisha nakala yule: jina jipya, anwani mpya, na namba mpya ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao, ile namba ambayo swichi, kifaa kinachogawa mtandao, huitumia kujua data ipelekwe mlango gani. Seva za zamani tuliziacha zikiwaka pembeni, zikipokea nakala ya kila kitu, ili ikitokea balaa tuhamishe kebo moja nene na tuwe tumerudi tulikotoka. Alinifanya nijifunze kuihamisha kebo hiyo nikiwa nimefumba macho. Bodi ilitaka jaribio lifanyike Jumapili, watu wakiwa wachache. Sista alikataa. Alisema mtandao unaopimwa siku isiyo na watu haujapimwa. Mganga Mkuu alimsihi, nikamsihi na mimi, tukaambulia patupu. Likapangwa siku ya kliniki.

Asubuhi ile Mganga Mkuu alikuja mwenyewe kukaa nasi, pamoja na bwana kutoka ile kampuni. Bwana huyo alikuwa mtu mstaarabu, amevaa koti jepesi lisilofaa baridi ya chumba chetu, akakubali chai yetu na kumwambia Sista kwamba anamtakia heri. Nadhani alimaanisha. Tulihamisha kebo. Sista akataja wodi zote kwa sauti, kila mpangaji akaitika, na kwenye kioo cha kompyuta taa za kijani zikawaka safu nzima. Nilianza kupumua. Yeye hakukaa hata kidogo.

Mpangaji wa dawa tuliamua kumwasha mwisho, baada ya mstari wa asubuhi kupungua. Tukamwasha. Dawa ikaitika. Muda si mrefu maabara ikapotea, ikarudi, ikapotea tena. Nilipomtazama Sista alikuwa tayari ameinama kwenye kioo, vidole vinakwenda, midomo imebana.

Simu ya mezani ikalia. Nesi wa chumba cha upasuaji. Nikaiweka sauti nje ili Sista asikie bila kuacha kazi.

"Sista, majibu ya damu hayaji huku. Tuna mama amejifungua, anatoka damu sana. Tumeomba damu, maabara wanasema hawaioni sampuli."

"Iko mezani kwao," akasema Sista.

"Chupa zipo, Sista, lakini zina ile mistari ya kusomwa na mashine tu. Majina yamo kwenye kompyuta. Wanaogopa kutoa damu wasiyojua ni ya nani."

Hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Hata mtu wa kukimbia na karatasi asingesaidia, kwa sababu jina la yule mama lilikuwa limekwama ndani ya mtandao wetu.

"Nipe dakika chache," Sista akasema. "Nimekaribia. Naliona tatizo liko wapi, liko kwenye swichi."

Namjua. Alikuwa amekaribia kweli. Ningeweka mkono wangu motoni kwa hilo. Bwana wa kampuni akakohoa, akasema kwa upole kabisa, "Sista, samahani. Kwa mujibu wa makubaliano, mkirudi kwenye mitambo ya zamani jaribio linakuwa limekwisha."

"Najua makubaliano."

Mganga Mkuu alikuwa amesimama. Alikuwa na uwezo wa kuamuru, na hadi leo sijui kwa nini hakuamuru. Labda alitaka amwachie mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeishika ile kebo nene. Nilikuwa nawaza ada za watoto. Nilikuwa naomba, na nasema bila aibu, kwamba alipate kosa kwanza.

Kwenye simu nesi akasema, kwa sauti ya chini, "Sista, damu iko sakafuni."

Sista akatoa mikono kwenye kibodi kana kwamba imemuunguza. Akanigeukia. "Rudisha," akasema. Nikasita. Akaja, akaniondoa kwa bega, akaichomoa kebo mwenyewe na kuichomeka upande wa zamani. Maabara ikaitika. Tulimsikia nesi akimwambia mtu mwingine kule kwamba imekuja, imekuja, kimbieni. Simu ikakatwa. Bwana wa kampuni akatazama viatu vyake.

Kosa alilipata kabla chai haijapoa. Mpangaji wa dawa alikuwa na namba ileile ya utambulisho ya mpangaji wa maabara. Wawili wenye namba moja, na swichi maskini ikawa inapeleka data ya huyu kwa yule, na ya yule kwa huyu. Wiki zile za kujenga, alikuwa amemnakili mpangaji wa dawa kutoka kwa yule wa maabara, akabadilisha jina, akabadilisha anwani, kisha kengele ya mchana ikalia. Akaondoka katikati kama alivyolelewa. Aliporudi, kazi ilionekana imekwisha. Yeye aliyeuliza kila mtu kama amepima, pale hakupima.

Mganga Mkuu alimsogelea. "Sista, umeme wa leo haukuwa mzuri," akasema polepole. "Naweza kuiambia bodi hivyo. Watatupa siku nyingine."

"Umeme ulikuwa mzuri, Daktari."

"Nataka kukusaidia."

"Najua. Waambie kosa ni langu. Na usiitaje kengele, haina kosa."

Mkataba ulisainiwa kabla ya mvua za masika. Seva mpya zilifunikwa turubai. Sista alihamishwa na shirika lake kwenye nyumba yao ya juu zaidi mlimani, na hakuaga mtu isipokuwa wapishi. Mimi nilifungua kibanda Kiboriloni, natengeneza simu na kufunga mitandao kwenye nyumba za wageni wanaokuja kupanda mlima. Sikulala njaa. Lakini nilikuwa na hasira naye, na nitaisema ilivyokuwa, kwa sababu kuna jambo nililolijua ambalo niliamini yeye halijui. Yule mama alikufa. Damu aliipata, akatoka chumba cha upasuaji akiwa hai, na jioni ya siku iliyofuata akafariki. Nilielezwa na mlinzi wa getini nilipokwenda kuchukua vitu vyangu. Nilishuka mpaka mjini nikisema moyoni kwamba tumepoteza kila kitu bure. Dakika zile chache zisingebadilisha lolote, na chumba chetu kingekuwa chetu.

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Nilipokuwa nikifunga kebo kwenye dari ya mtu nililifikiria. Nilijiambia kwamba ni huruma yangu iliyonizuia kumwambia, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kumwambia na nilikosa tu mahali.

Mwaka jana masista wa nyumba ile waliniita niwafungie mtandao wa shule yao ya chekechea. Nilimkuta Sista nyuma ya banda, amekunja mikono ya kanzu, anawakatia ng'ombe vipande vya mgomba. Alikuwa amezeeka. Miwani ilikuwa na kamba mpya.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista. Shikamoo."

"Milele amina. Marahaba, Baba Neema. Mama Neema mzima? Watoto?"

Nikamjibu. Nikasubiri aniulize habari za mtandao, hakuuliza. Nikamweleza mwenyewe. Nikamwambia kwamba mwezi uliopita waliokuwa wakichimba barabara walikata waya mkubwa wa kwenda Dar, na hospitali nzima ilirudi kwenye karatasi mpaka ulipounganishwa. Nilidhani atafurahi. Aliendelea kukata mgomba, akauliza tu kama kuna mgonjwa aliyedhurika. Nikasema sikusikia. Akasema, "Basi ni vizuri."

Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia. Nikamwambia kwamba alikuwa sahihi tangu mwanzo, na chumba kile alikuwa amekishinda, alibakiza kidogo tu. Na yule mama, nikasema, Sista, yule mama alikufa. Kesho yake. Hukuambiwa.

Aliweka panga chini. Alijifuta mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayejiandaa kushika kitu safi.

"Nilimzika," akasema. "Kihambani kwao, Uru. Nilisimama nyuma na wanawake wa jumuiya. Mumewe alinishukuru kwa kufika, akidhani ni mtawa tu aliyekuja kusali."

Ng'ombe walikuwa wakitafuna.

"Kwa hiyo ulijua," nikasema. "Ulijua siku zote kwamba tulipoteza bure."

"Unafikiri sikukasirika? Nilikasirika mpaka nikashindwa kuungama. Nilikuwa nimekaribia, Baba Neema. Uliniona. Nilikuwa nimekaribia kabisa." Akaitazama mikono yake. "Halafu pale kaburini nikaona jambo moja, nalo linanitosha. Alikufa, ndiyo. Lakini hakufa akinisubiri mimi nishinde."

Akaokota panga, akaendelea na mgomba wake. Nami nikaenda kumalizia kebo za chekechea, na kila niliyoibana niliipima mara mbili.